Maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu jino la kupandikiza

Tangu watu wajue nimepandikizwa jino simu yangu haipumziki, ndugu, jirani, rafiki wa rafiki, wote maswali yanafanana. Nimeona niyaweke yote hapa. Mimi sio daktari, ni mgonjwa niliyekaa kwenye kile kiti mara nyingi, nikauliza sana na kusoma sana, na mengine nimejifunza kwa maumivu na kwa pesa yangu. Jino langu la mbele juu lilitoka 2016 kwa ajali ya bodaboda Morogoro, karibu na Msamvu. Nikavaa pleti, yani jino la bandia la kuvaa na kuvua, miaka mitatu, ndo nikaja kupandikiza 2019.

Hiyo implanti ni nini hasa? Ni jino la plastiki?

Hapana. Implanti yenyewe ni ile skruu tu, ndogo, urefu wake mara nyingi kama milimita 8 mpaka 13, inaingizwa ndani ya mfupa wa taya inakaa badala ya mzizi. Juu yake kinafungwa kipande cha kuunganisha, alafu juu kabisa ndo inakaa krauni, yani lile jino lenyewe unaloliona ukicheka. Kwa iyo ni vitu vitatu. Kumbuka hivo vitu vitatu manake kwenye swali la bei vitakusaidia sana. Skruu nyingi ni za titani, aina ya chuma chepesi, kuna na za zirkonia, kauri ngumu ambayo ni nyeupe, krauni inakuwa ya kauri ya kawaida au zirkonia.

Sasa chuma kinashikaje mdomoni miaka yote bila mwili kukikataa?

Hili swali nalipenda. Kulikuwa na daktari wa Sweden aliyeitwa Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950 alikuwa anachunguza damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura, akaweka kifaa cha titani kwenye mguu wa sungura. Alipomaliza akataka kukitoa, kikagoma, mfupa ulikuwa umekishika kabisa kama vimezaliwa pamoja. Wala hakuwa anatafuta mambo ya meno. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa na shida kubwa ya taya na meno, na yule mzee alizitumia skruu zake mpaka alipofariki 2006. Miaka arobaini! Mimi nilivyosoma iyo nikatulia, nikasema basi hii sio kitu cha majaribio.

Kinachotokea ni kwamba chembe za mfupa zinakua zinagusana na titani moja kwa moja, hakuna gundi wala sementi pale chini. Na ndo maana inabidi usubiri, mfupa hauharakishwi.

Inauma?

Siku yenyewe haiumi, unachomwa ganzi kama ya kung'olea jino. Utasikia mtetemo na kusukumwa, na kelele ya mashine, basi. Kwangu kung'olewa gego kuliuma zaidi ya hii. Ganzi ikiisha jioni ndo unasikia, unakuwa na maumivu na uvimbe siku mbili tatu, dawa za maumivu za kawaida zinatosha kwa watu wengi. Kama siku ya nne ya tano maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, au usaha unatoka, au ganzi ya mdomo wa chini au kidevu haijaisha mpaka kesho yake, rudi kwa daktari usisubiri miadi. Iyo ya ganzi isiyoisha inaweza kuwa mshipa wa fahamu wa taya la chini umeguswa.

Kitu kimoja zaidi, wakati anatoboa utaona maji yanamwagwa muda wote. Sio ya kusafisha tu, ni ya kupoza. Mfupa ukipata joto la kama nyuzi 47 kwa dakika moja unaumia, na mfupa ulioumia haushiki skruu. Daktari mzuri anatoboa taratibu, anatoa, anapoza, anarudi.

Inachukua muda gani mpaka nipate jino kamili?

Hapa ndo watu wanakata tamaa. Kama mfupa uko vizuri, taya la chini ni kama miezi mitatu ya kusubiri, la juu linaweza kufika mpaka sita kwa sababu mfupa wa juu ni mlaini zaidi. Mimi ilinichukua karibu mwaka: Machi 2019 nikaongezewa mfupa, nikasubiri miezi mitano, Agosti skruu ikaingia, Januari 2020 nikapata krauni. Muda huo wote nilikuwa navaa pleti ya muda ili nisitembee na pengo.

Kuna mtu kaniambia wanaweka jino siku ileile. Ni kweli?

Inawezekana kwa baadhi ya watu, pale skruu inaposhika kwa nguvu sana tangu siku ya kwanza na mfupa ni mzima. Lakini hilo jino la siku ileile ni la muda, na kama ni la mbele wanalitengeneza lisigongane kabisa na la chini, hutakiwi kung'atia chochote. Mtu akikuahidi hivo kwenye simu kabla hajaona picha ya taya lako, mimi ningemwogopa.

Kwa nini kila mtu anaongelea mfupa mfupa?

Kwa sababu mfupa ndo kila kitu, ndugu yangu. Mfupa unaoshika jino unaishi kwa ajili ya jino. Jino likitoka, mwili unaona pale hapana kazi, unaanza kuula ule mfupa. Ndani ya mwaka mmoja tu upana wa mfupa pale kwenye pengo unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo inatokea miezi mitatu ya mwanzo. Ndo maana mtu aliyekaa na mapengo miaka kumi mashavu yanaingia ndani na kidevu kinasogea juu anaonekana mzee kuliko umri wake.

Mimi hakuna aliyeniambia hili. 2016 nilipotibiwa ule mdomo uliopasuka niliambiwa tu "likipona utaweka jino la bandia", hakuna aliyesema kila mwezi unaopita mfupa unaondoka. Miaka mitatu baadae ikabidi nilipie kuongezewa mfupa ambao nilikuwa nao bure.

Na kuna jingine linaniuma zaidi. Lile jino lilikuwa zima! Lilitoka na mzizi wake, mtu akaliokota akalifunga kwenye tishu tukaenda nalo hospitali limeshakauka. Jino la mtu mzima likitoka zima kwa ajali linaweza kurudishwa. Lishike upande wa kutafunia usiguse mzizi, kama lina mchanga lisuuze haraka bila kusugua, lirudishe palepale kwenye tundu ung'ate kitambaa, au liweke kwenye maziwa, ukimbie kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa, ikizidi sana saa moja. Meno ya utoto hayarudishwi, ila la ukubwani rudisha. Madereva boda, walimu wa michezo, wazazi, tafadhali lishikeni hili.

Pengo langu lina miaka mingi, basi ndo nimekosa?

Hapana, ila safari inakuwa ndefu. Wanaongeza mfupa: unaweza kutolewa wako mwenyewe sehemu nyingine ya taya, au wanatumia unga wa mfupa uliosafishwa wa ng'ombe, au wa kutengenezwa kiwandani. Magego ya juu yana shida yake, juu yake kuna uwazi wenye hewa pembeni ya pua unaoitwa sainasi, na ukikaa na pengo muda mrefu ule uwazi unashuka, kwa iyo inabidi wanyanyue sakafu ya sainasi kwanza waweke mfupa chini yake. Inatisha ukisikia lakini inafanyika kila siku.

Mimi ni Muislamu, huo mfupa ni wa mnyama gani?

Una haki ya kuuliza na daktari anatakiwa akujibu bila kukasirika. Unga wa mfupa unaotumika sana ni wa ng'ombe. Ila ile karatasi laini wanayofunikia juu ya mfupa, ya kolajeni, yani protini inayotoka kwa wanyama, kuna aina zinazotoka kwa nguruwe. Zipo za ng'ombe pia na zipo za viwandani. Uliza mapema, sio siku umeshachomwa ganzi, ili kama hana aagize nyingine. Na kama Ramadhani iko karibu panga tarehe vizuri, siku za mwanzo kuna dawa za kumeza kwa masaa na unatakiwa kunywa maji ya kutosha.

Nilitolewa "meno ya plastiki" nikiwa mtoto, sasa chonge hazipo. Naweza kupandikiza?

Wanaouliza hili ni wengi kuliko nilivyotegemea. Kwa wasiojua, kuna sehemu nyingi kwetu mtoto mchanga akiharisha au akipata homa watu wanasema ana meno ya plastiki au nailoni, wanamkata fizi na kumtoa. Kinachotolewa pale ni chonge ya utoto ambayo bado haijaota, na mara nyingine wanaharibu na ya ukubwani iliyo chini yake. Mtoto anaambukizwa, wengine wamepoteza damu nyingi mpaka kufa. Hakuna ugonjwa unaoitwa hivo, homa na kuharisha vina sababu zake na vina dawa zake, mpeleke mtoto kituo cha afya.

Kwa wewe mtu mzima, ndio inawezekana, ila daktari lazima apige picha kwanza, manake mara nyingine chonge ya ukubwani ipo imejificha ndani imelala upande, na pengine nafasi imeshazibwa na meno ya jirani yaliyosogea. Inaweza kuhitaji waya wa kunyoosha meno kwanza.

Nina kisukari. Presha je? Navuta sigara?

Kisukari kikiwa kimedhibitiwa watu wanapandikizwa vizuri tu. Kikiwa juu juu kidonda hakiponi na mfupa haushiki, kwa iyo daktari atataka kuona kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokuwa miezi mitatu iliyopita, sio kile cha kutoboa kidole asubuhi tu. Presha ni hivohivo, ishuke kwanza.

Sigara ni adui kabisa. Inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, na wanaovuta implanti zao zinafeli zaidi. Ugoro nao ni tumbaku ileile, tena unakaa palepale kwenye fizi. Kama huwezi kuacha moja kwa moja basi angalau acha kabla na wiki nyingi baada, lakini ukweli ukirudia unahatarisha pesa yako.

Mwambie daktari dawa ZOTE unazotumia. Hasa kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa au dawa za mifupa kwa ajili ya saratani, au umepigwa mionzi kichwani na shingoni. Hizo zinaweza kufanya taya lisipone baada ya kutobolewa. Usifiche hata kama unaona haihusiani. Mjamzito, subiri ujifungue, hili sio jambo la dharura.

Mwanangu ana miaka 13 amevunjika jino la mbele, tumpandikize?

Hapana mama, bado. Taya lake linakua, meno yake mengine yatashuka pamoja na mfupa, ila skruu haitembei, inabaki palepale. Akifika miaka ishirini lile jino litaonekana fupi limebaki juu. Wasubiri kukua kuishe, wasichana wanatangulia kidogo kuliko wavulana, mara nyingi baada ya miaka 18 na zaidi. Kwa sasa apewe pleti ndogo au daraja la kugandisha, yani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani.

Kwa nini nisivae tu meno ya bandia ya kawaida? Au daraja?

Hakuna ubaya. Pleti ni ya bei nafuu na inasaidia watu wengi sana, mimi ilinistiri miaka mitatu, nilienda nayo mpaka kwenye usaili wa kazi. Shida yake inacheza, inakaa juu ya fizi na haizuii mfupa kuliwa, kwa iyo baada ya muda inalegea.

Daraja ni zuri pale meno ya jirani tayari yana mashimo au yamezibwa sana na yanahitaji krauni hata hivo. Lakini kama meno ya jirani ni mazima, kuyachonga mawili mazima ili kuziba pengo moja, hapo mimi roho inaniuma. Alafu uangalie mfuko wako, mtu asikufanye ujione mshamba kwa kuchagua pleti.

Bibi yangu hana meno yote. Atawekewa moja moja?

Wala haihitajiki. Taya la chini ndo linalotesa wazee, pleti ya chini haina pa kushika na ulimi unairusha. Skruu mbili tu mbele, alafu pleti inabofywa juu yake kama vifungo, inabadilisha maisha ya mtu kabisa, anakula nyama. Anaitoa usiku anaisafisha. Kuna na ile ya skruu nne zinazobeba meno yote ya taya bila kutoka, iyo ilienezwa na daktari wa Ureno anaitwa Paulo Malo. Ni nzuri ila gharama yake ni nyingine kabisa. Kwa bibi, ningeanza na zile mbili.

Rangi itafanana? Mimi nimekulia Arusha, meno yangu yana rangi ya kahawia.

Itafanana kama fundi wa maabara anajua kazi yake. Watu wa Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro maji yana floraidi nyingi, jino jeupe pee katikati ya meno yenye madoa litapiga kelele. Mwambie daktari apige picha ya meno yako kwa mwanga wa mchana, fundi aweke na yale madoa. Kama una mpango wa kung'arisha meno yote fanya KABLA ya krauni, manake krauni haing'ariki baadae.

Bei gani?

Kila mtu anaanza na hili. Bei zinatofautiana sana mji na mji, kliniki na kliniki, kwa iyo siwekei namba hapa, ila jua inahesabika kwa kila jino, na bima nyingi zinaiona kama urembo, piga simu uwaulize kabla. Ninachokusihi ni hiki: uliza bei ya vitu vyote vitatu, skruu, kiunganishi na krauni, pamoja na picha ya 3D, kuongeza mfupa, na jino la muda. Waandike kwenye karatasi. Mimi kliniki ya kwanza niliyoenda nilitajiwa bei nikafurahi nikaanza kuweka akiba, siku ya kulipa ndo naambiwa iyo ni ya skruu tu, krauni ni mbali. Niliondoka pale nimevunjika moyo nikakaa miezi minne sijarudi kwa daktari yeyote.

Naenda kufanya India, au niko Muscat nataka nifanye huku alafu nirudi nyumbani. Sawa?

Inaweza kuwa sawa, ila hakikisha unaondoka na kadi yenye jina la kampuni ya skruu, aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Skruu za kampuni tofauti haziingiliani, hata bisibisi zake ni tofauti. Ukirudi Mwanza kiunganishi kikalegea baada ya miaka mitano na daktari hajui ni skruu ya nani, kazi ya dakika kumi inakuwa mateso. Piga picha iyo kadi uitunze kwenye simu na kwenye barua pepe. Na uhesabu safari zaidi ya moja.

Nile nini baada ya upasuaji?

Siku za mwanzo uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, parachichi, supu ya vuguvugu. Usinywe kwa mrija wala usiteme mate kwa nguvu, damu iliyoganda inatoka. Makande, bisi, mahindi ya kuchoma na mishkaki vitakusubiri. Usitafunie upande huo mpaka uambiwe.

Implanti inaoza?

Haiozi, haina tundu la kuoza. Lakini fizi na mfupa unaoizunguka unaugua, na hapa ndo watu wengi wanapoteza, wanadhani wamenunua chuma hivyo wamemaliza. Uchafu ukikaa shingoni mwa krauni fizi inavimba, inatoa damu ukipiga mswaki, alafu mfupa unaanza kuliwa taratibu kuzunguka skruu. Na haiumi! Jino halisi lina mshipa wa kukuonya, skruu haina, unakuja kushtuka inacheza.

Kwa iyo mswaki mara mbili kwa siku, uzi wa meno au ile miswaki midogo ya kupitisha katikati kila usiku. Mswaki wa mti ni mzuri kama ulishauzoea ila hauingii pale katikati, ongeza uzi. Daktari angalau mara moja au mbili kwa mwaka asafishe na kupiga picha. Na kama ulipoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, tibu fizi kwanza, manake wadudu walewale ndo watakula mfupa wa implanti.

Krauni yangu inacheza, imeshafeli?

Sio lazima. Mara nyingi ni kile kiskruu kidogo cha juu kinachobana kiunganishi kimelegea, kinakazwa unaenda nyumbani. Ila nenda wiki hiyohiyo, ukiendelea kutafunia kinaweza kukatikia ndani. Kama inayocheza ni skruu ya kwenye mfupa, iyo inatolewa, wanasubiri mfupa upone, na wengi wanaweza kurudia.

Inadumu miaka mingapi?

Skruu ikishika vizuri na ikatunzwa, zaidi ya tisa kati ya kumi zinakuwa bado zipo baada ya miaka kumi, na nyingi zinaendelea mbele sana. Krauni ndo inachoka mapema inaweza kubadilishwa. Kama unasaga meno usiku mwambie daktari akutengenezee kinga ya kulalia, implanti haina ule mto mdogo wa nyuzi ambao jino halisi linao, inapokea kishindo chote. Na usifungulie soda.

Itapiga kelele uwanja wa ndege? MRI je?

Kwa kawaida hapana. Titani haivutwi na sumaku, MRI unafanya, waambie tu unayo kwa sababu inaweza kufifisha picha za eneo la mdomo.

Nitamjuaje daktari mzuri?

Mzuri anakuchunguza mdomo mzima sio pengo tu. Anapiga picha ya 3D ya taya anakuonyesha mshipa uko wapi na mfupa una upana gani. Anakuuliza magonjwa na dawa. Anakwambia na njia nyingine zisizo za implanti. Muulize ameshaweka ngapi, na ikifeli inakuwaje, nani analipa. Na awe amesajiliwa, usione aibu kuuliza. Dar kuna Muhimbili, Nairobi kuna chuo cha meno cha University of Nairobi, sehemu hizo madaktari wanafundishwa kwa iyo hata ushauri tu unafaa.

Nimeng'olewa gego wiki iliyopita, pesa bado sina. Nisubiri nikusanye kwanza?

Kusanya pesa ukiwa umeshaonwa. Nenda mwezi huu upigwe picha, ujue mfupa uko vipi leo na una muda gani. Na kama jino bado halijang'olewa, muulize kwanza kama linaweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi, wengi tunang'oa meno ambayo yangepona. Likishindikana, muulize kama anaweza kuweka mfupa kwenye tundu siku ileile anang'oa. Ni gharama kidogo ya ziada lakini inapunguza sana ule mfupa unaoondoka miezi ya mwanzo, na utakapopata pesa mwakani utakuta pa kuweka skruu bado papo.